Milimita 4 za lava: kisa cha planshi zetu za Birere

Kuna duka moja Birere, mtaa wa Goma, mashariki mwa Kongo, ambalo ghala lake unaliingia kwa kushuka. Unapita mlango wa kawaida, unazunguka kaunta, kisha mwenye duka, mzee anayeuza unga, anainua kifuniko cha mbao na kukuonyesha ngazi ya mawe yenye vidato 9. Kule chini kuna chumba kamili. Kuta zimekuwa nyeusi kwa moshi wa zamani, tundu la swichi ya umeme lingali ukutani, na fremu ya chuma ya dirisha imepinda kwa joto. Kupitia fremu hiyo ulimi wa jiwe jeusi, uliojikunja kama kamba, umeingia ndani hatua moja na kuganda hapo. Chumba hicho ndicho kilikuwa duka lenyewe hadi tarehe 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka. Lava ilipita nje, ikapoa, watu wakarudi, wakajenga juu yake. Tulipima kutoka sakafu ya zamani hadi usawa wa barabara ya leo: mita 2 na sentimita 10.

Naanza na chumba hicho kwa sababu mradi wetu wote ulitoka humo, na kwa sababu majaji hawakukiona.

Shindano lenyewe lilikuwa la mawazo. Hakuna aliyeahidiwa kujenga. Lilifanyika mwaka mmoja hivi baada ya mlipuko wa Mei 2021, wakati Goma nzima ilikuwa bado inaongea juu ya volkano. Tuliombwa kupanga upya kipande kimoja cha Birere, mtaa wa mbao na bati unaokaribia mpaka wa Gisenyi, mji wa Rwanda, ambako watu na mizigo huvuka kila siku kwenye kituo cha mpaka cha Petite Barrière. Kila timu ilitakiwa kuleta planshi 4, yaani karatasi kubwa za michoro, za ukubwa wa A1, maelezo ya kurasa 2, na maketi (mfano mdogo wa majengo) kwa anayeweza. Duru ya kwanza haikuwa na majina, kila planshi ilibeba namba ya siri tu. Timu zilizobaki zingeitwa kutetea kazi yao mbele ya jopo kwa dakika 15: 8 za kueleza, 7 za maswali.

Utaratibu huo wa namba ya siri si wa kwetu. UNESCO iliweka kanuni za mashindano ya kimataifa ya usanifu majengo na upangaji wa miji mwaka 1956, ikazirekebisha mwaka 1978, na kuficha majina ni mojawapo ya nguzo zake. Nautaja kwa sababu una maana kubwa kwa mchoraji: katika duru ya kwanza huna mdomo. Planshi ndiyo mdomo wako. Lile usiloliweka wazi kwenye karatasi, hakuna atakayekuuliza.

Tulikuwa wanne: mimi, mpima ardhi, dada mmoja aliyesomea uchumi ambaye familia yake ina kibanda cha sambaza, samaki wadogo wa ziwani, palepale Birere, na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa usanifu. Tulikaa wiki tatu uwanjani kabla ya kuchora mstari wowote, na hilo silijutii hata leo.

Anayetoka nje ya Goma hudhani lava ya 2002 ni historia. Kwetu ni sakafu. Mikondo miwili mikubwa iliingia mjini: mmoja ulifunika sehemu ya kaskazini ya njia ya ndege, mwingine ukapita katikati ya mji hadi ziwa Kivu. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia, wengi wakielekea Gisenyi, na wengi wao walianza kurudi baada ya siku chache tu, jiwe likiwa bado linatoa mvuke. Waliporudi, waliokuwa na nyumba ya ghorofa walikuta ghorofa ya chini imekuwa chumba cha chini ya ardhi. Waliokuwa na nyumba ya mbao walikuta jiwe tupu. Wakapima mipaka kwa kumbukumbu: kutoka kona ya jirani huyu hadi mahali ulipokuwa mti wa yule. Cheti cha usajili cha parseli, yaani kiwanja, kinaeleza ardhi ambayo sasa iko chini ya miguu yako kwa mita mbili.

Hapo ndipo mpima ardhi wetu alipoonyesha thamani yake. Alisisitiza tuchukue usawa wa kila mlango, si wa barabara pekee. Ndani ya kipande cha upana wa mita 75 tulikuta tofauti za hadi mita 3, kwa sababu lava haikupita sawasawa. Kuna ulipopita mkondo mnene, kuna uliposhika ukuta wa mawe na kugeuka. Ukitazama picha ya setilaiti huoni lolote kati ya hayo. Unaona bati, na bati zote ni tambarare.

Wazo letu lilitokana na vipimo hivyo, nami bado naamini lilikuwa zuri. Tulisema: tusichimbe, wala tusisawazishe kwa mashine. Jiwe la Nyiragongo ni gumu, na kulichimba kwa patasi na nyundo ni kazi ya kuvunja mgongo, ndiyo maana vyoo vingi vya shimo mjini ni vifupi au vimeinuliwa juu ya vidato. Tukapanga vyoo vya kuinuliwa vyenye mapipa ya kutolewa, vikiwa upande wa avenyu ambako gari linaweza kufika. Lava hii ina matundu na nyufa, maji ya mvua huzama palepale, hakuna mto unaopita mjini, na uchafu wa choo nao huzama vivyo hivyo. Katika mji ambao kipindupindu hakijawahi kuwa mgeni, huwezi kuchora choo kama alama ndogo pembeni ya ramani.

Kwa kuta tulichagua jiwe la volkano hadi urefu wa ghorofa ya chini, likiwa pia kizuizi cha moto kati ya parseli na parseli, kwa sababu mbao ikigusana na mbao moto hauna wa kuusimamisha. Juu yake mbao na bati, vyepesi, kwa sababu tuko kwenye ufa wa ardhi na matetemeko tunayajua. Ghorofa ya juu tuliiacha nusu: paa na nguzo zipo, kuta mwenyewe atajaza atakapopata. Wazo hilo tulilichukua waziwazi kwa msanifu Alejandro Aravena na wenzake wa ofisi ya Elemental. Mwaka 2004, Iquique, kaskazini mwa Chile, walijenga kwa ajili ya familia takriban 100 kwenye nusu hekta ambayo familia hizo zilikuwa tayari zinaishi, wakiwa na dola 7,500 za ruzuku kwa kila familia, ardhi ikiwemo. Walijenga nusu ngumu, ile ambayo familia isingeweza kujijengea.

Maji ya mvua tuliyapangia matangi, lakini ya kuoshea na ya choo. Moshi wa Nyiragongo hubeba floraidi, mvua huishusha, na wanaokunywa maji ya mabati kwa miaka huonekana kwenye meno. Maji ya kunywa tulichora vituo vya bomba.

Vyumba vilivyozikwa, kama lile ghala, tulitaka vibaki pale vilipo tayari wazi na imara. Havikuwa vingi, lakini kwa mfanyabiashara wa Birere ghala la mita 12 za mraba ambalo haulipii kodi mpya ni mtaji.

Sasa kosa.

Planshi ya kwanza tulijaza picha moja kubwa: avenyu ya Birere saa kumi jioni, kuta za mawe, balkoni za mbao, watoto, chukudu mbili, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, zimeegemezwa, miti miwili yenye kivuli. Ilitugharimu usiku minne kwenye kompyuta, na jenereta ya jirani. Planshi ya pili ilikuwa plani nzima kwa skeli ya 1:500. Ya tatu, nyumba na vibanda kwa 1:100. Ya nne ilikuwa mseto: awamu za ujenzi, maji, vyoo, gharama, na chini kabisa upande wa kulia, mkato wa kipande chote, yaani mchoro unaoonyesha mahali kana kwamba pamekatwa wima kwa kisu, nao kwa 1:500.

Hebu tupige hesabu ambayo mimi sikuipiga kwa wakati wake. Mita 75 kwa skeli ya 1:500 ni sentimita 15 kwenye karatasi. Mita 2.10 za lava ni milimita 4. Historia nzima ya mahali pale, sababu ya kila uamuzi wetu, ilikuwa utepe wa kijivu wa milimita 4, wenye mistari ya mshazari ambayo printa ilikaribia kuifuta.

Mwanafunzi aliliona. Usiku wa mwisho aliniambia, “Mkubwa, mkato uje mbele, picha irudi nyuma.” Nilimjibu kwamba majaji wana planshi nyingi za kupitia, kwamba picha ndiyo inayomsimamisha mtu, kwamba mkato ni lugha ya mafundi. Mimi ndiye niliyekataa, na wengine waliheshimu umri wangu. Ningependa kila kiongozi wa timu asome sentensi hiyo polepole.

Tulipita duru ya kwanza, na jambo hilo lilitupumbaza. Tulidhani picha imefanya kazi.

Siku ya kutetea niliongea dakika 8, na sasa nikikumbuka, dakika kama 5 zilikuwa za ile picha. Halafu jaji wa kwanza, mpangaji miji mwenye uzoefu, akainama kwenye planshi ya nne, akaweka kidole kwenye ule utepe wa kijivu na kuuliza, “Hii ghorofa ya chini ya ardhi ni maegesho ya magari?”

Nilijibu hapana, ni lava. Akatazama tena. Kando ya utepe tulikuwa tumeandika −2.10. Akasema, kwa upole kabisa, “Lakini mmeandika hasi. Mnashuka mita mbili.” Nikaanza kueleza duka la yule mzee, ngazi, dirisha. Mama mmoja wa jopo, mzaliwa wa hapa, akaingilia: “Na mazuku je? Mnawashusha watu chini, hewa mbaya mnaipeleka wapi?”

Swali lake lilikuwa la haki tupu. Mazuku ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka kwenye nyufa za ardhi, nzito kuliko hewa, hutulia kwenye mabonde na mashimo na kuua mtu au mbuzi bila harufu. Inajulikana zaidi upande wa magharibi wa mji, karibu na ziwa na kuelekea Sake, lakini mtu wa Goma akiona chumba cha chini, hilo ndilo la kwanza anawaza, na anapaswa kuliwaza. Tulikuwa na jibu: vyumba vile vipo tayari, vingetobolewa njia za hewa pande mbili, na hakuna ambaye angelala humo. Ila jibu hilo lilikuwa kwenye ukurasa wa 2 wa maelezo. Nililitoa kwa haraka, likasikika kama kisingizio.

Jaji wa tatu akauliza miti ile inaota kwenye udongo gani. Hakukuwa na udongo. Udongo ungeletwa kwa lori, na hatukuwa tumeuhesabu. Kengele ikalia.

Hakuna aliyeuliza juu ya awamu za ujenzi, na hilo ndilo linaniuma zaidi. Dada yetu mchumi alikuwa amekaa na wauzaji siku kumi kupanga nani anahamia wapi wakati gani: kugawa kipande katika sehemu tatu, vibanda vya muda kando ya avenyu, hakuna muuzaji anayehama zaidi ya mita mia moja kutoka kwa wateja wake, wala anayehama mara mbili. Katika nchi yetu jambo hili ni zito. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, mwananchi anapewa haki ya kuitumia. Kifungu cha 34 cha Katiba ya 2006 kinataka fidia ya haki na iliyolipwa kabla mtu hajanyang'anywa mali yake kwa manufaa ya umma. Lakini mama anayepanga kibanda kwa mwezi hana cheti chochote cha kuonyesha. Mpango usiosema yeye anakwenda wapi siku ya kwanza ya ujenzi umekwisha kumfukuza. Tulikuwa tumelisema, kwenye planshi ileile ya nne, juu ya ule utepe, na dakika zetu zilikwisha tukijitetea kwa kosa ambalo hatukulifanya.

Hatukushinda. Waliochaguliwa walikuja na soko la paa na avenyu mbili zilizopanuliwa. Nadhani mradi wao ungehamisha watu wengi zaidi, na sijabadili fikra hiyo. Lakini planshi yao ya kwanza ungeielewa ukiwa umesimama hatua nne mbali, na kila swali walilotupiwa lilikuwa juu ya mradi wao, si juu ya alama iliyosomwa vibaya.

Kwa muda nililaumu jopo. Ilikuwa vibaya kwangu. Mchoro una sarufi yake, na katika sarufi hiyo utepe wa kijivu chini ya mstari wa barabara, wenye namba ya hasi, ni shimo lililochimbwa. Ndivyo unavyosomwa Nairobi, ndivyo unavyosomwa Brussels. Jaji alisoma sahihi. Sisi ndio tulioandika “tunachimba” wakati tulitaka kusema “hatuchimbi.”

Miezi miwili baadaye tulirudia planshi, bila shindano lolote, kwa sababu wenyeji wa kipande kile walikuwa wameomba kuona tulichofanya na vipimo vyao. Safari hii mkato ulikuja kwanza, kwa skeli ya 1:100. Mita 75 zikawa sentimita 75, zinaingia vizuri kwenye upana wa A1 uliolazwa. Lava ikawa na unene wa sentimita 2, tukaijaza weusi mtupu. Usawa wa ardhi ya zamani tukauchora kwa mstari mwekundu kutoka ukingo hadi ukingo, na mwaka 2002 pembeni yake. Ile picha kubwa tuliipunguza ikawa kama kiganja, miti tukaitoa.

Badiliko lililofanya kazi kubwa kuliko yote lilikuwa dogo kwa macho: tulihamisha sifuri. Mwanzoni, kama kila mtu afanyavyo, sifuri yetu ilikuwa barabara ya leo, kwa hiyo duka la zamani likawa hasi. Mwanafunzi akapendekeza sifuri iwe sakafu ya mwaka 2001. Barabara ya leo ikawa +2.10, balkoni +5.20, na kwenye mkato mzima hakukubaki namba hata moja ya hasi. Mpima ardhi alipinga, tena kwa hoja nzuri: fundi atakayejenga anahitaji sifuri anayoweza kuikanyaga, na sakafu ya zamani iko chini ya kifuniko cha mtu. Tulibishana nusu siku. Tukakubaliana kwamba michoro ya ujenzi ibaki na sifuri ya barabara, ya kuwasilisha itumie sifuri ya zamani, na kila karatasi iandikwe wazi juu kabisa ni sifuri ipi.

Kabla ya kuipeleka tulimwita kijana wa chukudu aliyekuwa akipumzika mlangoni petu, tukafunika maandishi ya juu ya mchoro, tukampa nusu dakika. Alisogea, akatazama weusi, akatazama mstari mwekundu. “Hii ni ile nyumba ya kushuka,” akasema. “Ya mzee wa unga.” Kama ningekuwa na uwezo juu ya mashindano ya miji iliyojengwa juu ya lava, ningeandika kwenye kanuni kwamba kila timu ilete mkato mmoja kwa 1:100, kwenye planshi ya kwanza. Mtu asiyeujua mwinuko wa mahali ataonekana mara moja, na anayeujua hatalazimika kujitetea.

Mzee wa unga mwenyewe alikuja siku tulipoitundika, akavaa miwani, akafuata ngazi yake kwa kucha. Hakusema lolote kuhusu lava. “Enjenia,” akaniita, “hapa umeweka sentimita 70. Mtu mwenye gunia begani hapiti.” Nilimjibu, “Ni kweli, Mzee.” Tukaipima naye jioni hiyo, yeye ameshika mwisho mmoja wa mita na gunia la kilo 50 begani kwa kijana wake, tukaandika 1.10.